Bwawa limejaa, friza haigandishi: umeme unapotelea wapi kabla ya kufika Kivule?

*Swali:* Shikamoo mhandisi. Naishi Kivule, nina friza moja kubwa, nagandisha barafu za kuuza na kuhifadhi samaki. Tunasikia Bwawa la Nyerere limekamilika na umeme umezidi mpaka mashine nyingine zinazimwa. Ni kweli siku hizi haukatiki kama zamani, lakini ikifika jioni unakuwa mdogo, taa zinafifia, feni inajikokota, friza inanguruma tu na haigandishi. Kompresa ya kwanza iliungua, fundi akaweka nyingine. Halafu zamani nikinunua umeme wa 10,000 nilipata uniti 77 hivi, sasa napata 28, na mwanzo wa mwezi 23 na kitu. Mume wangu anataka tukope vikoba tufunge sola. Shemeji anasema jenereta. Muuzaji wa Kariakoo kaniambia stabilaiza inatosha. Na kwenye TV tunaambiwa tuache mkaa, tupikie umeme. Umeme gani huo wa kupikia? Nieleze kwa kirefu, nianze na nini?

*Jibu:* Marahaba, mdogo wangu. Kwanza kabisa, hela ya vikoba iache ilipo kwa sasa. Katika barua yako kuna shida mbili tofauti ambazo zimevaa nguo moja, na ukinunua kifaa kabla ya kuzitenganisha utajikuta umetibu goti wakati kinachouma ni jino.

Nianze na bwawa, maana naona limekutia mashaka. Hujadanganywa. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa, kila mmoja MW 235, jumla MW 2,115. Mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024, na mwezi uliofuata TANESCO ilizima kwa muda baadhi ya vituo vingine vya maji kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Wakati huo matumizi ya juu kabisa ya nchi nzima yalikuwa bado hayajafika MW 2,000. Anayekumbuka mgao wa 2006, wa 2011, na ule wa mwishoni mwa 2023, wenye ratiba ya mtaa gani unakatiwa saa ngapi, anajua tofauti yake. Hata wewe umeiandika mwenyewe: haukatiki kama zamani.

Hapo ndipo barua yako imenisaidia zaidi. Nchi ikipungukiwa umeme wa kuzalisha, nyumbani kwako huoni taa ikififia kila jioni. Unaona giza. Gridi inaendeshwa kwa mapigo ya 50 kwa sekunde, na mapigo hayo hubaki palepale tu kama kinachozalishwa kinalingana na kinachotumika muda huohuo. Mahitaji yakizidi, mapigo yanaanza kushuka, na waongozaji wa gridi hawana ujanja ila kukata laini nzima, mtaa huu leo na ule kesho, ili mfumo wote usianguke. Huo ndio mgao. Umeme unaokuja kila siku lakini unadhoofika saa moja jioni na kupona saa tano usiku ni ugonjwa mwingine, na ugonjwa huo hauko Rufiji. Uko mtaani kwenu, kati ya transfoma na mita yako.

Fuata njia yenyewe. Umeme unatoka bwawani kwa laini ya kilovolti 400 hadi Chalinze. Kutoka huko unaingia Dar es Salaam kwenye vituo vikubwa vya kupoza umeme, unashushwa kuwa kilovolti 33 na 11, unatembea kwenye nguzo za barabarani, halafu transfoma ya mtaa inaushusha kuwa volti 230 unazotumia. Safari ndefu yote ile umeme husafiri ukiwa na volti nyingi (volti ni msukumo) na ampea chache (ampea ni wingi wa umeme unaopita), kwa hiyo haupotei sana. Kipande cha mwisho, mita mia chache tu, ndicho husafiri ukiwa na volti kidogo na ampea nyingi. Joto linalopotea kwenye waya huongezeka kwa mraba wa ampea: ampea zikizidi mara mbili, joto linazidi mara nne, na volti zinazobaki njiani zinazidi mara mbili.

Nikupigie hesabu. Waya wa aluminiamu wa milimita za mraba 50, ambao si mwembamba, una ukinzani wa karibu omu 0.6 kwa kilomita. Tuseme laini yenu ina urefu wa mita 800 kutoka kwenye transfoma, na saa mbili usiku nyumba za mwisho kwenye fezi yako (mmoja wa nyaya tatu zinazogawa umeme mtaani) zinavuta ampea 100 kwa pamoja. Zidisha: 100 mara 0.6 mara 0.8, unapata 48. Volti 48 zimebaki njiani, zimeupasha waya joto bure. Zilizotoka 230 zinafika kwako 182, na hapo sijahesabu zinazopotea kwenye waya wa kurudi. Saa nane mchana, watu wakiwa kazini, ampea zinashuka kuwa 25 na upotevu ni volti 12 tu. Ndiyo maana fundi akija mchana anapima, anakuta 220, anakwambia umeme wako mzima, anaondoka na nauli yako.

Maeneo kama Kivule, Chanika, Goba, Mbagala ya ndani na sehemu nyingi za Kigamboni yamepata shida hii kwa namna moja. Transfoma iliwekwa wakati kuna nyumba chache na mashamba ya mihogo. Viwanja vikakatwa vipande, nyumba zikaota, kila mmoja akavuta umeme kutoka nguzo ya jirani, na laini ikarefuka bila transfoma kusogea. Ni kama maji: Ruvu inaweza kujaa hadi kingo, lakini bomba la inchi moja lililogawiwa nyumba arobaini litadondosha matone kwa yule wa mwisho.

Kitu hichohicho kipo kwa ukubwa wa nchi. Machi 2025 Rais Samia aliposema Tanzania inapanga kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, watu wengi walicheka: tuna bwawa halafu tunanunua? Hoja ya serikali ilikuwa umbali. Kusukuma umeme kutoka kusini mashariki hadi Kilimanjaro na Arusha kunapoteza umeme njiani, na hasara iliyotajwa ilikuwa shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Unaweza kubishana na uamuzi wenyewe, na mimi nina maswali yangu, lakini fizikia yake ni ileile inayoifanya friza yako inung'unike. Kuzalisha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo haikatiwi utepe na mtu, ni waya na transfoma.

Sasa friza. Kwa nini taa inafifia tu lakini kompresa inaungua? Taa, pasi na jiko la koili, vikipata volti pungufu, vinafanya kazi pungufu basi. Kompresa ina mota ndani, na mota ina deni la kulipa: lazima isukume gesi yenye shinikizo. Nguvu yake ya kuanza kuzunguka nayo hupungua kwa mraba wa volti. Kwenye volti 180 ina kama asilimia 60 tu ya nguvu yake ya kawaida. Inajaribu kuanza, inashindwa, inabaki inanguruma ikivuta ampea nyingi kuliko kawaida, waya za ndani zinachemka, kile kifaa kidogo cha usalama kinakata, zikipoa kinaunganisha, inajaribu tena. Ule mngurumo, kisha "tik", kisha kimya, kisha mngurumo tena baada ya dakika chache ndio sauti ya kompresa inayokufa polepole. Ukiisikia, chomoa. Usisubiri umeme urudi vizuri.

Kabla ya kutumia hela nyingi, tumia kidogo. Pale Kariakoo mtaa wa vifaa vya umeme kuna kiplagi kidogo chenye namba zinazoonyesha volti. Kichomeke sebuleni, chukua daftari la mahesabu ya barafu, andika namba asubuhi, mchana, saa moja jioni, saa tatu, na kabla ya kulala. Fanya hivyo wiki nzima, Jumapili ikiwemo. Waombe majirani wawili, mmoja aliye karibu na transfoma na mmoja aliye mbali nayo kuliko wewe, waandike saa zilezile.

Kama nyote mnashuka jioni, na aliye karibu na transfoma ana namba nzuri kuliko ninyi wa mbali, jibu ni laini ndefu iliyolemewa. Kama hata yule wa karibu na transfoma yuko chini, transfoma yenyewe imezidiwa. Kama majirani wako sawa na wewe peke yako uko chini, tatizo ni la kwako: waya mwembamba kutoka nguzoni, kiunganishi kilichooza kwa chumvi na mvua, au nyaya za ndani. Hilo la mwisho ndilo nafuu kuliko yote, na linatokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Gusa kwa mgongo wa mkono plagi ya friza baada ya saa moja ya kazi. Ikiwa ya moto, umeshapata mahali pa kuanzia.

Kuna hali moja ambayo sitaki uandike namba wala kusubiri wiki. Ukiona baadhi ya taa zinawaka kwa ukali usio wa kawaida huku nyingine zimefifia, au kiplagi kinaonyesha 260, 280 na kupanda, au ukigusa friza unahisi kama inakung'ata, zima swichi kubwa palepale. Huenda nyutro, yaani waya wa kurudi, imelegea au kukatika kwenye nguzo. Hapo nyumba za fezi tofauti zinaanza kugawana volti 400 bila mpangilio, na ndivyo TV za mtaa mzima zinavyoungua kwa dakika moja. Piga simu ya dharura ya TANESCO, namba 180, na uwaambie majirani wazime pia. Usimruhusu mtu apande nguzo na plaizi.

Namba zako zikionyesha laini imelemewa, andikeni barua moja ya majirani wengi, ambatanisheni nakala ya daftari, na taja namba iliyoandikwa kwenye transfoma au nguzo iliyo karibu. Malalamiko ya "umeme mdogo" bila namba yanakaa chini ya malalamiko mengine mia. Yenye namba za wiki nzima, kutoka nyumba tatu, yanampa fundi wa ofisi ya eneo kitu cha kumpelekea bosi wake. Mkishapokewa, dai namba ya taarifa na uihifadhi. Hatua ya kwanza ambayo mnaweza kufanyiwa haihitaji bajeti kubwa: kusawazisha fezi. Mara nyingi fezi moja imebebeshwa nyumba nyingi na nyingine inapumua, na kuhamisha baadhi ya nyumba kunaweza kurudisha volti 15 au 20 kwa siku moja. Kubadilisha waya kuwa mnene kunachukua muda zaidi. Kuongeza transfoma katikati ya laini ndiyo dawa hasa, na hiyo, nikuambie ukweli, inaweza kuchukua miezi. Mkizungushwa bila majibu, EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, inapokea malalamiko baada ya ninyi kuyafikisha kwanza kwa mtoa huduma, na baraza la watumiaji, EWURA CCC, linaweza kuwasaidia kuyaandika. Kompresa ya kwanza kama unayo risiti ya fundi, iambatanishe. Siahidi fidia, lakini bila karatasi hakuna hata pa kuanzia mazungumzo.

Na tafadhali, jiepushe na vishoka. Yule kijana anayesema kwa elfu hamsini atakuhamishia fezi usiku anaweza kukuhamishia kwenye fezi iliyo mbaya zaidi, au akaacha kiunganishi kimelegea kikaja kuwaka. Mita ikikutwa imechezewa, faini ni yako, yeye hayupo.

Tuje kwenye uniti, ambayo ndiyo shida ya pili. Hapa pia hujaibiwa. Ulikuwa kwenye daraja la D1, la mtumiaji mdogo wa nyumbani: uniti 75 za kwanza za mwezi kwa shilingi 100 kila moja, na inayozidi hapo shilingi 350. Sasa uko T1, shilingi 292 kwa uniti. Bei hizi zilipangwa na EWURA mwaka 2016. Juu yake kuna VAT asilimia 18, REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA asilimia 1, kwa hiyo uniti ya 100 inakuwa 122, ya 350 inakuwa 427 na ya 292 inakuwa 356.24. Zamani, kwenye 10,000 yako, uniti 75 za kwanza zilikula 9,150, na 850 iliyobaki, kwa 427 kila moja, ikakupa kama mbili: jumla 77 hivi. Sasa gawanya 10,000 kwa 356.24 upate 28. Zile 23 na kitu za mwanzo wa mwezi ni kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida, inayokatwa kwanza kwenye manunuzi ya kwanza. Soma ujumbe wa LUKU mpaka chini, kila shilingi imeandikwa ilikoenda. Kama wewe ni mpangaji, kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Kaa naye mpatane namna ya kukurudishia, maana mita haijui nani ana hati.

Ulihamishwa kwa sababu ya friza. Kugandisha lita 20 za maji ya bombani kwenye joto la Dar, friza ya kawaida inakula kama uniti mbili. Ongeza ya kushikilia baridi ya samaki, na kufunguliwa kila mteja anapokuja, unafika uniti tatu hadi nne kwa siku, 90 hadi 120 kwa mwezi kabla hujawasha TV. D1 haikuwekwa kwa matumizi hayo. Watu wananiuliza kama wanaweza kuomba kurudishwa: ndiyo, kama matumizi yako yameshuka kweli na kubaki chini ya 75 kwa miezi. Kwa biashara yako haiwezekani, na kuihangaikia ni kupoteza muda.

Lakini hebu tazama hesabu hiyo kwa upande wa pili. Lita 20 ni vifuko 40 vya nusu lita. Uniti mbili ni shilingi 712. Umeme uliomo kwenye kifuko kimoja ni kama shilingi 18. Nadhani mfuko wenyewe wa plastiki na maji havipishani sana na hapo. Kinachokula faida yako ni barafu isiyoganda kabla ya mteja kufika, samaki aliyelegea, na kompresa ya pili. Volti ndiyo adui yako, bei ya uniti inakuja nyuma sana.

Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa haina gharama. Friza izimwe saa moja jioni hadi saa tano usiku. Najua inasikika kinyume, lakini hizo ndizo saa ambazo haigandishi chochote hata ikiwa imewashwa, inajichosha tu. Friza iliyojaa, mfuniko ukiwa umefungwa, inashikilia baridi yake siku nzima na zaidi. Saa hizo nne haitazihisi. Maji mapya yaweke saa tano usiku, umeme ukishapona, yatagandishwa alfajiri yakiwa na volti nzuri. Wateja wa jioni watenge: chukua sanduku la kuhifadhia baridi, jaza barafu saa kumi na mbili unusu, uza kutoka humo, friza isifunguliwe. Barafu iliyogandishwa usiku wa manane ndiyo betri yako, na hukuikopea. Angalia pia mpira wa mfuniko: weka karatasi, funga, ivute. Ikitoka kirahisi, baridi nayo inatoka kirahisi. Nyuma ya friza acha nafasi ya kiganja hadi ukutani, na vumbi la kwenye koili lifutwe.

Hatua ya pili ni kile mafundi wanachokiita friji gadi. Ni kiplagi kinachokata umeme wenyewe volti zikishuka au kupanda kupita kiasi, na zikirudi sawa kinasubiri dakika chache kabla ya kuwasha. Kusubiri huko ni muhimu sana, kwa sababu kompresa iliyozimwa ghafla ina shinikizo ndani, na kuiwasha papo hapo ni kuilazimisha ibebe mzigo ikiwa imeinama. Nunua kinachobeba ampea za friza yako, zimeandikwa kwenye kibandiko nyuma. Kama ningekuwa na hela ya kitu kimoja tu, ningenunua hiki.

Stabilaiza yule muuzaji hajakosea, ila hajakueleza lote. Inaweza kuchukua 180 ikakupa 220, lakini haiumbi umeme: inavuta ampea zaidi kutoka kwenye laini ileile iliyolemewa ili ikuongezee volti. Ukiwa nayo wewe peke yako, sawa. Mtaa mzima ukiwa nazo, kila mmoja anamnyang'anya mwenzake na volti zinaporomoka zaidi. Ukiamua kununua, soma kiwango cha chini inachokubali. Nyingi za bei rahisi zinaishia 180 na namba zako huenda ziko chini ya hapo. Ukubwa wake uwe mara tatu ya wati za friza kwa ajili ya kuanzia. Na zile zilizoandikwa wati kubwa kwa bei ndogo, zinyanyue: ndani kuna shaba, na shaba ina uzito.

Jenereta ya shemeji ni ya dharura, siyo ya kila jioni. Lita ya petroli kwenye jenereta ndogo haitoi zaidi ya uniti mbili, na ikifanya kazi kwa mzigo mdogo kama friza moja hutoa pungufu ya hapo. Linganisha bei ya lita na 356. Ikibidi kuitumia, ikae nje, mbali na dirisha. Moshi wake una hewa isiyo na harufu inayoua familia usingizini.

Sola naipenda, na jua la Dar si haba, lakini friza ya kugandisha ni mzigo mzito. Kwa uniti nne kwa siku, pamoja na kinachopotea njiani, unahitaji paneli zisizopungua wati 1,200, inveta ya kilovolti-ampea 2 ili kompresa iweze kuanza, na betri ya lithiamu ya uniti tatu au zaidi. Betri za asidi ni rahisi kununua na ghali kumiliki: kwenye joto letu, zikitumika hadi chini kila siku, hazidumu. Masika, Machi hadi Mei, mawingu yatakupunguzia, kwa hiyo bado utaihitaji laini. Ndiyo maana nikasema usikope bado. Ikiwa kusawazishwa kwa fezi kutakurudishia volti 200 jioni, utakuwa umelipa mkopo wa kutibu kitu kilichokwishapona. Ikiwa baada ya miezi mingi hakuna kilichobadilika, hapo sola inaanza kuwa na hesabu, na atakayefunga awe mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, akuonyeshe karatasi ya mahesabu ya mzigo wako kabla ya kupokea malipo ya awali. Anayekupa bei kabla ya kuuliza friza yako inakula wati ngapi, mwage.

Umeuliza pia la kupikia umeme. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wa 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034. Lengo ni zuri, moshi wa mkaa unaua akina mama na miti inakwisha. Na umeme wenyewe unafaa kuliko watu wanavyofikiri: maharage kwenye jiko la presha la umeme yanaiva kwa nusu uniti hivi, chini ya shilingi 200 kwa daraja lako. Linganisha na mkaa unaounguza kwa sufuria hiyohiyo. Usichanganye na jiko la koili la wati 2,000. Hilo kwa maharage litakula zaidi sana.

Wasiwasi wangu uko kwenye transfoma. Jiko moja ni wati 1,000. Nyumba mia moja za mtaa wenu zikipika saa moja jioni ni kilowati 100 mpya, juu ya transfoma ambayo tayari inaelemewa na taa, feni na TV. Treni ya SGR ya umeme ina laini zake na vituo vyake, ilipangiwa tangu mwanzo. Majiko yanaingia kimyakimya nyumba kwa nyumba, hakuna anayeyaombea kibali. Kila kampeni ya kupikia umeme ningependa ije na orodha ya transfoma zitakazoongezwa na mtaa gani.

Na kuhusu mabadiliko ya tabianchi, kuna jambo ambalo halisemwi sana. Mtera na Kidatu ziko kwenye Ruaha Mkuu, Kihansi iko upande wa Kilombero, na maji yote hayo yanateremka Rufiji, ambako ndiko lilipo Bwawa la Nyerere. Bonde moja. Mvua zikigoma Usangu na nyanda za juu kusini, sehemu kubwa ya umeme wetu wa maji inaumwa kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mitambo ya gesi ya Ubungo na Kinyerezi, inayotumia gesi ya Songo Songo tangu 2004 na ya Mtwara tangu bomba lilipofika 2015, mimi sioni kama tunaweza kuizima kesho kwa kuwa tu gesi ina hewa ya ukaa. Ni akiba yetu ya mwaka wa ukame. Kinachopunguza kuitegemea ni sola kubwa kama ile ya Kishapu, Shinyanga: mchana jua linafanya kazi, maji yanabaki bwawani, usiku yanafunguliwa. Kwa upande huo nchi ina bahati kuliko wengi.

Kwako wewe, kwa sasa: kama utanunua jiko la presha, pika maharage saa tisa alasiri, volti zikiwa nzuri na laini ikiwa tupu. Jioni ni kupasha tu, na kwa hilo mtungi wa gesi unatosha. Nunua kiplagi cha volti Jumamosi hii, anza daftari Jumapili, na zikitimia siku saba nitumie namba hizo pamoja na kibandiko cha nyuma ya friza, nikusaidie kuandika barua ya majirani.